Kwa mnaoanza kazi duka la dawa: hii krimu ya fangasi ukeni ina maneno yake

Wadogo zangu mliotoka chuo juzijuzi mkawekwa kaunta, leo naongelea clotrimazole ya ukeni, maana inatoka kila siku na mara nyingi inatoka bila maelezo. Dada anakuja ananong'ona "nipe ya fangasi", na wewe kwa aibu zako unachomoa tyubu unafunga kwenye mfuko, kaondoka. Hapo umeuza tu, hujamhudumia.

Msogeze pembeni kama kuna foleni, halafu muulize uchafu unaomtoka ukoje. Mweupe mzito kama maziwa mgando, hauna harufu, na anawashwa sana, hapo fangasi inawezekana. Ukiwa na shombo ya samaki, au wa njano-kijani wenye povu, hii krimu haitatibu, aende kituo cha afya akapimwe. Homa, maumivu chini ya kitovu au damu isiyo ya hedhi, usimuuzie kitu, mwelekeze kituoni siku hiyohiyo. Akikwambia ana UTI muulize tu anahisi nini, maana huku kwetu kila kinachouma huko chini ni UTI.

Halafu angalieni mnachoshika jamani. Kuna clotrimazole ya ngozi, kuna ya ukeni inayokuja na kibomba cha plastiki cha kuingizia, na kuna zile zilizochanganywa na betamethasone (steroidi, dawa ya kutuliza muwasho na uvimbe) na gentamicin (antibiotiki) ambazo ni za ngozi tu. Boksi zinafanana, mengine majina yanapishana herufi moja mwishoni. Ile mchanganyiko watu wanaipenda kwa sababu muwasho unatulia haraka, ila steroidi iliyomo inafunika tatizo na fangasi wanaendelea, msiwape wakapake huko.

Maelezo sasa. Ya asilimia 1 kwa kawaida ni kibomba kimoja kilichojaa, gramu 5, usiku akiwa anakwenda kulala, siku 7, na amalize hata kama muwasho umeisha siku ya tatu. Usiku kwa sababu akisimama inavuja, avae pedi, tamponi hapana maana inainyonya dawa. Kibomba kama ni cha kurudia akioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, asimwazime mtu. Kama umempa vidonge vya kuingiza (500 mg ni kimoja basi, 200 mg ni usiku 3), mwambie waziwazi kwamba haimezwi, mimi nimeshakutana na waliomeza na chai kabisa. Akiwa hedhini ni vizuri asubiri imalize. Na asijioshe ndani kwa sabuni wala dettol, na hivyo vitunguu swaumu aviache jikoni.

Kondomu wengi mnasahau kuitaja. Hii krimu inalegeza mpira, inaweza kupasuka, kwa hiyo tendo asitishe mpaka amalize dozi, na hata siku 5 baada ya hapo asiitegemee kondomu.

Mjamzito usimuuzie kimyakimya, apitie kliniki kwanza, kwake huwa ni ile dozi ndefu ya siku 7, kibomba kinaingizwa taratibu sana na wengine wanaambiwa watumie kidonge cha kuweka kwa kidole kilichonawa vizuri. Fluconazole, dawa ya fangasi ya kumeza, usimpe. Na kama ulichonacho ni miconazole, dawa nyingine ya fangasi, muulize kama anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, maana hata ikiwekwa ukeni inaweza kuipandisha nguvu mwilini akaanza kutokwa damu, hapo mpigie mfamasia.

Anayerudi mara ya tatu ndani ya mwaka, usimpe tyubu nyingine, aende akapime sukari na VVU.

Akija mume katumwa, mwandikie kwenye boksi siku ngapi, saa ngapi, inawekwa wapi, na namba ya duka ili mkewe apige mwenyewe, kwa sababu mwanaume ukimweleza hayo pale kaunta atakujibu "nimeelewa" huku anaangalia barabarani.