Madawati ya halmashauri kwa fedha za mafunzo

SWALI: Mhariri, salaam. Chuo chetu cha ufundi hupokea fedha za serikali za vifaa vya mafunzo. Halmashauri imetuagiza madawati 120 na imeshalipa nusu. Mkuu wa karakana anataka tuanze na mabomba ya chuma ya mafunzo yaliyopo stoo, "tutarudisha baadaye". Na Juni 30, mwisho wa mwaka wa fedha, itatukuta katikati ya kazi. Tuandikeje?
Mhasibu wa chuo, Singida

JIBU: Ndugu mhasibu, "tutarudisha baadaye" ndiyo inayozaa hoja za ukaguzi. Bomba la kasma (fungu la bajeti) ya mafunzo ni la mwanafunzi. Mkilazimika, litoke kwa idhini ya mkuu wa chuo na hati ya stoo yenye namba ya kazi. Kisha mabomba ya kwanza kununuliwa kwa fedha za oda yarudi kwenye leja ya mafunzo, idadi na ukubwa uleule.

Kadi ya kazi, yaani karatasi ya kuandikia gharama zote za oda, ifunguliwe kabla chuma hakijakatwa. Kwa bei za mfano, dawati moja linatumia bomba moja na nusu kwa 22,000 kila moja, yaani 33,000, mbao 18,000, vijiti vya kuchomelea, diski za grinda na rangi 7,000. Jumla 58,000, na wengi huishia hapo. Ongezeni upotevu wa asilimia 5 (2,900), umeme na uchakavu wa mashine 4,000, posho ya saa za ziada 6,000. Gharama ni 70,900. Mkiuza 75,000, ziada ni 4,100, si 17,000 mnayotangaziana kwenye kikao. Saa za kawaida za mwalimu zimeshalipwa na serikali. Msizilipe tena kupitia oda.

Fedha ipitie namba ya kumbukumbu ya malipo ya GePG, mfumo wa serikali wa kupokea malipo kielektroniki, iingie benki yote, ndipo dokezo la matumizi liandikwe. Kununulia vijiti pesa aliyoleta mteja mkononi ni kutumia fedha mbichi, yaani kabla haijafika benki, hata risiti zikiwepo zote.

Sasa Juni 30. Oda ni 9,000,000; mmepokea 4,500,000. Hayo bado si mapato, ni deni: mnadaiwa madawati. Mkiwa mmekabidhi 40 na hati imesainiwa, mapato ni 3,000,000; 1,500,000 inabaki kwenye madeni. Yaliyokamilika lakini hayajaondoka karakana ni bidhaa ghalani, kwa 70,900 kila moja, wala si 75,000. Ya nusunusu yathaminiwe kwa vifaa na kazi iliyokwishaingia kwenye kadi. Hesabuni kwa macho siku hiyohiyo, mtunza stoo, karakana na uhasibu wakiwa pamoja.

SWALI: Na vipande vinavyobaki?

JIBU: Vinavyotosha zoezi la kuchomelea viingie stoo ya mafunzo kwa hati. Vilivyobaki vipimwe kwa kilo na kuuzwa chuma chakavu, fedha ikipita njia ileile. Visipoandikwa, hamtajua kama ile asilimia 5 ni upotevu kweli au kuna mtu anajenga geti nyumbani.