"Run": neno moja, maana 645. Mfasiri ashike ipi?

SWALI: Nimeanza kazi ya kutafsiri miongozo ya mashine kutoka Kiingereza. Kamusi yangu inasema "run" ni kukimbia, kisha inaongeza maana nyingine nne tano. Katika mwongozo wa pampu ninaoushughulikia sasa, ukurasa mmoja una "run" tisa, na "kimbia" haikufaa hata mara moja. Neno hili lina maana ngapi hasa? Nani anazihesabu? Na nitajuaje ipi ni ipi bila kubahatisha?

JIBU: Ndugu msomaji, kamusi yako haijakudanganya, imekufupishia tu. Kamusi ile kubwa ya Kiingereza ya Oxford, katika marekebisho yake ya karne hii, imetenga maana 645 za kitenzi "run" peke yake, bila kugusa "run" iliyo nomino. Mtunga kamusi Peter Gilliver alikaa na kitenzi hicho kimoja kwa takriban miezi tisa. Kabla ya hapo, katika toleo la pili la mwaka 1989 lenye juzuu 20, kinara alikuwa "set", mwenye maana zaidi ya 430 na maelezo ya maneno yapatayo 60,000.

Namba hizo zisikutishe. Hakuna Mwingereza anayetembea na maana 645 kichwani. Mtunga kamusi hukusanya sentensi zilizokwisha kuandikwa na watu, huzitandaza mbele yake, kisha huzitenga mafungu. Fungu ambalo maelezo ya fungu jingine hayawezi kulibeba, hilo hupewa namba yake. Njia mojawapo ya kupima ni kulazimisha matumizi mawili yatumie kitenzi kimoja. Jaribu kwa Kiswahili: "Jana alipiga picha na magoti." Sikio linakataa palepale, maana "piga" ya picha si "piga" ya magoti. Mwingereza naye akisikia kwamba mtu "ran a mile and a company" hushtuka vivyo hivyo.

Hapa tusichanganye mambo mawili. "Kaa" wa baharini, "kaa" la moto na "kaa" ya kuketi ni maneno matatu yaliyogongana kwa sauti tu. Hizo ni homonimu, na kamusi huzipa vidahizo tofauti, yaani kila moja huorodheshwa kama neno lake. "Run" ni neno moja lililozaa watoto wengi, yaani polisemia, na watoto wa neno moja hufanana sura. Ukiijua sura ya mzazi, nusu ya kazi yako imekwisha.

Sura hiyo ikoje? Katika Kiingereza cha kale kulikuwa na vitenzi viwili vya ukoo mmoja. Kimoja kilimaanisha kwenda mbio au kutiririka chenyewe. Kingine kilimaanisha kukifanya kitu kiende mbio, mathalani farasi. Kijerumani kimebaki na jozi ya ukoo huohuo hadi leo: "rinnen" ni kutiririka, "rennen" ni kukimbia. Kiingereza kiliviacha viwili hivyo viyeyukiane vikawa "run". Kwa hiyo mto "unapo-run", usidhani mtu fulani aliazima miguu ya mwanariadha akampa mto. Kutiririka kumo ndani ya neno tangu mwanzo, sawa na kukimbia.

Zingatia hasara waliyoipata. Sisi tuna "enda" na "endesha", tuna "pita" na "pitisha". Kiambishi kimoja cha kauli ya kutendesha kinatueleza kama kitu kinakwenda chenyewe au kuna anayekipeleka. Mwingereza hana kiambishi hicho. Anasema "the engine runs", anasema pia "I run the engine", na neno ni lilelile. Zilipokuja mashine za mvuke na treni, kila kitu kilichozunguka, kilichoteleza au kilichosukumwa kiliingia humo: injini, kiwanda, kampuni, hatimaye programu ya kompyuta. Ndiyo maana miongozo ya mashine imejaa neno hili.

Basi swali la kwanza unapokutana na "run" ni hili: kuna anayetendwa? Kikiwapo kitu kinachofuata kitenzi, mara nyingi sana jibu ni "endesha" au ndugu yake: endesha mashine, endesha programu, endesha kampuni, simamia duka. Kisipokuwapo, tazama mtenda ni nani, kwa kuwa yeye ndiye atakayekuchagulia neno la Kiswahili. Maji hutiririka. Injini inafanya kazi. Rangi ya kitambaa inachuja. Mkataba unadumu miaka mitatu. Barabara inapita kando ya bonde. Soksi inafumuka. Pua inachuruzika. Mwenye tumbo baya Mwingereza humwambia ana "the runs", nasi husema anaendesha. Lugha mbili zisizo na undugu zimefika palepale, na kila nikikumbuka hilo nafurahi.

Kisha angalia kijineno kinachofuata nyuma. "Run out" ni kuishiwa, "run over" inaweza kuwa kugonga kwa gari, "run into" ni kukumbana na mtu au kugonga kitu. Hivi usivichambue, vijifunze vizima vizima.

Sasa turudi kwenye pampu yako, kwa sababu hapo ndipo nimeona rasimu nyingi zikiharibika. Onyo la kawaida ni "Never run the pump dry." Nimewahi kukabidhiwa rasimu iliyosema "Kamwe usikimbie pampu kavu." Fuata hatua zetu: kuna anayetendwa, pampu, kwa hiyo ni "endesha". "Dry" haisemi pampu iwe imefutwa kwa kitambaa. Inasema ndani hamna maji. Andika: "Usiendeshe pampu bila maji ndani yake." Pampu nyingi hutegemea maji yanayopita kupoza na kulainisha sili, yaani kizibo kinachozuia maji yasivuje, na fundi asiyelielewa onyo hilo ataziunguza.

Kurasa chache mbele unaweza kukuta "if the well runs dry". Maneno ni yaleyale mawili, lakini hakuna anayetendwa, na mtenda ni kisima: "kisima kikikauka". Halafu kuna "dry run", ambapo "run" imegeuka nomino na "dry" imetangulia. Hapo hakuna habari ya ukavu. Ni jaribio la kufanya hatua zote kabla ya kazi yenyewe. Mfasiri akiandika "mbio kavu", msomaji anapotea, na akiandika "kuendesha bila maji" amemwagiza fundi afanye lile lililokatazwa.

Nje ya mashine kanuni ni hiyohiyo, ingawa utahitaji kuzoea mahali. Mgombea wa Marekani "runs", wa Uingereza "stands"; mmoja anakimbia, mwingine amesimama, na wote wawili wanagombea. Hata "kimbia" si ya kutupwa kabisa: wateja wakijazana kutoa akiba zao kwa hofu kwamba benki itafilisika, huko ni kukimbilia benki.

Kwa zile "run" tisa, chukua karatasi. Andika kila moja kwenye mstari wake, kushoto weka mtenda, kulia weka mtendwa au acha wazi, na mwisho weka kijineno kama kipo. Usiandike Kiswahili bado. Soma safu hizo kwa sauti, ukijiuliza fundi aliyesimama mbele ya pampu hiyo angemwambiaje mwenzake. Ikibaki moja au mbili zinazokukataa, nitumie sentensi nzima pamoja na ile iliyotangulia na inayofuata. Neno peke yake halitanitosha.