Kwa nini Bluey Wilkinson hakuwa bingwa mwaka 1936?

Ndugu, umeuliza iweje Wilkinson ashinde mbio zake zote 5 usiku wa fainali pale Wembley, London, halafu taji la kwanza la dunia la spidiwei, yaani mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo ya mviringo, liende kwa Lionel Van Praag. Ni pointi za ziada. Kila mpanda pikipiki aliingia fainali na akiba kutoka raundi za awali. Wilkinson alikuwa na 10, akaongeza 15, jumla 25. Van Praag na Mwingereza Eric Langton walifika 26 kila mmoja, wakarudi uwanjani wawili tu, kwenye pikipiki zisizo na breki, na Van Praag akashinda. Mimi naona Wilkinson alionewa na kanuni, ingawa taji alilipata mwaka 1938.

Lakini usimdharau Van Praag, kijana wa Sydney. Vitani alikuwa rubani wa jeshi la anga la Australia. Mwaka 1942 ndege yao ilidunguliwa na Wajapani karibu na kisiwa cha Sumba, Indonesia ya leo, akakaa majini saa 30 hivi akiwasaidia wenzake wasizame, huku papa wakiwazunguka. Alitunukiwa George Medal, nishani ya Uingereza ya ushujaa. Kwangu mimi hilo linazidi kombe lolote.