Alaimenti Kwanza, Sensa ya Usukani Baadaye

Siku mbili baada ya kubadilisha tairodi endi (ncha za vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu) za Volkswagen Golf 5 yangu, nilikuwa nateremka mteremko wa Mai Mahiu, Kenya, na watoto nyuma. Katikati ya kona taa ya ESP (mfumo unaozuia gari kuteleza) ikaanza kumetameta, chini kukasikika mkwaruzo wa pampu ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga kwa breki), na gari likajikamata lenyewe upande mmoja. Sikuwa nimegusa breki. Nyuma yangu kulikuwa na lori. Hofu ile simtakii dereva yeyote.

Chanzo kilikuwa gereji. Tairodi zilipofungwa, usukani ulikaa upande. Badala ya kurudia alaimenti, yaani kupanga mwelekeo wa magurudumu, fundi aliung'oa usukani, akausogeza jino moja, akaurudisha. Kwa macho ulinyooka. Lakini kwenye shina la usukani kuna sensa inayoiambia kompyuta dereva amekata kiasi gani, na kompyuta huilinganisha taarifa hiyo na mwendo wa kila gurudumu na jinsi gari lenyewe linavyozunguka. Zikipishana, inaamini gari linateleza, inabana breki ya gurudumu moja ili kuliokoa. Gari langu lilikuwa linaokolewa kutoka kwenye hatari isiyokuwepo.

Fundi wa pili alifuta hitilafu kwenye kompyuta, taa ikazimika, nikalipa nikashukuru. Kesho yake ikawaka tena, kosa lilelile la sensa ya usukani, namba 00778. Kufuta hitilafu hakuisahihishi sensa hata kidogo.

Wa tatu ndiye aliyejua kazi. Alianza na alaimenti: usukani ukafungwa katikati, kisha akarekebisha tairodi za pande zote mbili mpaka magurudumu yakanyooka. Ukiseti sensa juu ya alaimenti mbovu, unalifundisha gari uongo. Na usukani hauchomolewi ili tu unyooke. Ndani yake kuna eabegi, mfuko wa hewa wa usalama.

Kisha akapima upepo wa matairi, akaendesha polepole mahali tambarare paliponyooka, akasimama bila kuugusa tena usukani. Uwanja wake ulikuwa na mteremko, kwa hiyo tulihamia kituo cha mafuta. Mashine ya kusoma kompyuta za gari ikaingia upande wa ABS, akaiseti sensa upya. Dakika chache tu. Kumbuka vile vimashine vidogo vya bei rahisi mara nyingi husoma injini pekee, kwa hiyo uliza kabla hujaacha gari.

Magari hayafanani. Mengine hujiseti yenyewe ukiendesha kidogo barabara iliyonyooka. Mengine, betri ikitolewa na kurudishwa, hutaka uzungushe usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Mengine hayakubali chochote bila mashine.

Kabla ya kulipa, weka usukani katikati na umwambie fundi akuonyeshe pembe yake kwenye skrini. Inapaswa kuwa karibu kabisa na 0. Yangu, kabla ya kusetiwa, ilikuwa inasoma nyuzi 9 gari likiwa limesimama na magurudumu yamenyooka.