Uvimbe umeshuka, mbona vidole bado vinauma?

Julai ikifika na baridi ya Nairobi kushika, wagonjwa wengi wa baridi yabisi hukimbilia kemisti kujiongezea vidonge vya steroidi. Tafadhali, kagua vidole kwanza.

Bonyeza kifundo taratibu. Kikiwa na joto, kimevimba na kinabonyea kama embe lililoiva, na asubuhi mikono hukaza kwa saa nzima, kinga ya mwili ingali inashambulia kiungo. Mwone daktari apime upya dozi yako ya methotreksati, dawa inayotuliza kinga ya mwili. Lakini ikiwa uvimbe haupo, kipimo cha damu cha CRP, kinachoonyesha uvimbe mwilini, kiko chini, na bado hata mkono wa sweta ukikugusa unaumia, shuku neva.

Neva za maumivu hazipeleki habari ubongoni tu. Ncha zake humwaga kemikali ndani ya kiungo chenyewe, zikiwemo CGRP na dutu P, ambayo von Euler na Gaddum waliigundua mwaka 1931. Kemikali hizo hutanua mishipa ya damu, maji huvuja, na seli za kinga huja. Ndiyo maana mtu aliyepooza upande mmoja akipatwa na baridi yabisi, mara nyingi upande uliopooza husalimika. Kwetu sisi, hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huo.

Krimu ya kapsaisini, ukali wa pilipili, huzichosha ncha hizo. Husaidia hasa magoti na vidole vilivyochakaa. Ya asilimia 0.025, paka kiasi cha punje ya njegere mara 3 hadi 4 kwa siku. Siku za mwanzo itawasha. Wengi huacha hapo, kumbe nafuu huja baada ya wiki 2 hadi 4. Ukirukaruka siku, mwasho huanza upya. Usipake penye kidonda, wala karibu na kuoga maji moto. Ukimaliza goti, sugua mikono kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni, kwani kapsaisini haiyeyuki vizuri majini. Pilipili ya jikoni usithubutu: ukali wake haupimiki na hubabua ngozi.

Maumivu yakiwa ya mwili mzima na usingizi haupatikani, krimu haitoshi. Muulize daktari kuhusu amitriptilini ya usiku, ambayo huanza na miligramu 10, au duloksetini, dawa zinazotuliza maumivu ya neva. Methotreksati usiiache, na steroidi ulizozizoea usizikate ghafla.