Jibu: Kwa nini Uswidi ina bei nne za umeme na Ujerumani moja?
Mkuu, umeuliza kwa nini Uswidi ina bei nne za umeme wa jumla ilhali Ujerumani, yenye watu wengi zaidi, ina moja. Tazama njia kuu za kusafirishia umeme, halafu uliza nani anabebeshwa gharama njia hizo zikijaa.

Uswidi mabwawa makubwa ya kuzalisha umeme yako kaskazini, watumiaji wengi kusini. Njia zikijaa, umeme wa bei nafuu unakwama kaskazini na kusini bei inapanda. Ndiyo maana tangu Novemba 2011 soko lina kanda nne, kila moja na bei yake.

Ujerumani msongamano ni uleule: upepo kaskazini, viwanda vingi kusini. Ila soko linauza kana kwamba nyaya hazina kikomo. Baadaye waendesha gridi wanaagiza mitambo ya upepo ipunguze uzalishaji upande mmoja, ya gesi au makaa iwashwe upande wa pili. Wote wanalipwa, na gharama inaingia kwenye tozo za mtandao wa umeme. Kwa hiyo bei hiyo ni moja kwa jina tu! Mimi naona kanda zina ukweli zaidi, lakini nani atawaambia wapiga kura wa Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani, walipe zaidi?