Maswali na Majibu: Pima Gitaa Kwanza, Ndipo Ushike Bisibisi

SWALI: Nilizoea nyuzi namba 10. Majuzi nimefunga namba 9 ili vidole vipumzike. Sasa nikibonyeza freti za mwanzo natoka na mlio wa "zzz", na daraja, lile lenye mkono wa kutikisa sauti, limelala kwenye mwili wa gitaa. Je, nyuzi nilizofunga ni mbovu?

JIBU: Nyuzi zako ni nzima. Kilichobadilika ni mvutano. Nyuzi sita huivuta shingo kuja mbele, na ndani ya shingo kuna chuma kirefu, trasi rodi, kinachoirudisha nyuma. Namba 9 ni nyembamba, nayo huvuta kwa nguvu ndogo kuliko namba 10, kwa hiyo chuma kimeshinda na shingo imenyooka kupita kiasi, pengine imepinda kinyume. Uzi ukipigwa hucheza zaidi katikati, nao unahitaji nafasi ndogo ya kuchezea. Ikikosekana, unagonga freti. Upande wa daraja ni hesabu ile ile: springi za nyuma zimezizidi nyuzi nguvu, zimelivuta daraja chini, na nyuzi zikashuka nalo.

Anza na daraja. Fungua kifuniko cha nyuma utaona bamba linaloshika springi, limefungwa kwa skrubu mbili ndefu zilizoingia kwenye mbao. Legeza kila skrubu nusu mzunguko, tyuni nyuzi zote sita upya, kisha tazama daraja limeinuka kiasi gani. Rudia mpaka likae lilivyokuwa. Kazi hii inachosha, kwa sababu kila ukigusa skrubu nyuzi zote zinahama, lakini usijaribu kuifupisha kwa mizunguko mitatu ya mara moja.

Sasa shingo. Gitaa likiwa limetyuniwa, funga kapo (kibanio cha nyuzi) freti ya 1, bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya 17 hivi, kisha chungulia nafasi kati ya uzi na kichwa cha freti ya 7 au ya 8. Unatafuta milimita 0.2 hadi 0.3. Fila ya fundi magari, vile vibati vya kupimia nafasi, inafaa sana hapa. Kama huna, karatasi ya kawaida ya printa ina unene wa karibu milimita 0.1: karatasi mbili zipite bila kuuinua uzi, nne ziuinue.

Uzi ukiwa umelala juu ya freti bila nafasi yoyote, legeza nati ya trasi rodi kinyume cha mshale wa saa, robo mzunguko tu. Tyuni, pima tena. Mbao huendelea kujipanga baada ya wewe kuondoka, kwa hiyo acha gitaa lilale usiku kucha kabla ya robo nyingine. Ufunguo uwe wa saizi kamili: nati ya inchi 3/16 ni milimita 4.76, na ukiilazimisha kwa ufunguo wa milimita 4.5 utazila pembe zake. Nati iliyolika pembe ni balaa kuitoa. Na nati ikikataa kuzunguka kwa nguvu ya kawaida ya mkono, simama hapo hapo umpelekee fundi.

Urefu wa nyuzi huja baada ya hayo yote. Pima kwenye freti ya 12 bila kubonyeza: milimita 2.0 kwa uzi wa sita na 1.5 kwa uzi wa kwanza ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukiuweka urefu kwanza halafu ukageukia shingo, itabidi uanze upya.

SWALI: Nyuzi zikiwa wazi tyuna inanionyesha kila kitu kiko sawa. Nikipiga kodi (nyuzi kadhaa kwa pamoja) karibu na freti ya 12, zinapishana. Nimeshatyuni mara kumi.

JIBU: Kutyuni hakutaponya hili, kwa sababu tatizo ni urefu wa uzi. Freti ya 12 iko nusu ya urefu wa hesabu wa uzi: kwenye gitaa la milimita 648, iko milimita 324 kutoka kwenye nati ya kichwa, yaani kile kipande chenye mifereji ya nyuzi, si nati ya trasi rodi. Lakini ukibonyeza uzi unauvuta kidogo, na sauti inapanda. Ndiyo maana vikalio vya nyuzi pale darajani husogezwa nyuma kidogo ili kufidia, na vya nyuzi nene huwa nyuma zaidi.

Funga nyuzi mpya kwanza; uzi uliochakaa hudanganya. Tyuni uzi ukiwa wazi, kisha ubonyeze freti ya 12 kwa mkono mwepesi, kama unavyopiga kawaida. Tyuna ikionyesha umepanda, rudisha kikalio nyuma, mbali na shingo. Ikionyesha umeshuka, kisogeze mbele. Legeza uzi kila kabla ya kukisogeza, na tyuni tena kila baada ya hapo. Tofauti ikibaki senti 2 au chini yake, acha. Senti 100 ndizo zinazofanya nusu hatua.

Uzi wa sita ukikataa kutulia, na mshale wa tyuna unayumba, kagua pikapu, kifaa chenye sumaku kinachonasa sauti ya nyuzi, ya upande wa shingo. Ikiwa karibu mno, sumaku yake huuvuta uzi na sauti hutoka kama mbili kwa pamoja. Bonyeza freti ya mwisho, kisha ishushe pikapu mpaka kuwe na milimita 3 hivi kati ya sumaku na uzi.

SWALI: Gitaa langu linavuma sana kwenye amplifaya. Nikishika nyuzi mvumo unapungua. Rafiki yangu anasema nikate waya wa ethi wa amplifaya.

JIBU: Usikate! Waya huo ndio unaokuokoa amplifaya ikiharibika ndani. Bila huo, umeme unaweza kufika kwenye nyuzi, na ukigusa maikrofoni mdomo ukiwa umeshika gitaa, unaweza kufa. Gitaa likikurusha hata kidogo, zima kila kitu na usilishike mpaka vyombo na soketi vikaguliwe.

Mvumo kupungua unaposhika nyuzi ni dalili kwamba waya wa ethi wa gitaa umefika darajani. Hakikisha kwa mita ya umeme: ncha moja kwenye uzi, nyingine kwenye chuma cha nje cha plagi ya kebo iliyochomekwa kwenye gitaa. Isome karibu omu 0. Ikisoma hivyo, gitaa halina kinga ya kutosha dhidi ya umeme uliozagaa, na mwili wako ndio unaozuia baadhi yake. Kama kushika nyuzi hakubadilishi kitu, lakini kushika chuma cha jeki (tundu la kuchomekea kebo) kunautuliza mvumo, waya wa daraja umekatika au haukulehemiwa vizuri.

Kuweka kinga, toa vifaa vyote na ubandike utepe wa shaba kwenye shimo lote la vifaa, kuta na sakafu, vipande vikipandana milimita 5. Lehemu kitone kidogo kwenye kila muungano, kwa kuwa gundi ya utepe si lazima ipitishe umeme. Unganisha shaba na ethi mahali pamoja, kisha pima tena. Kosa la kawaida ni ncha ya jeki kugusa shaba: gitaa linakuwa kimya kabisa. Bandika solatepu hapo kabla ya kufunga.

Pikapu ya koili moja itabaki na mvumo kiasi hata hivyo. Seth Lover wa Gibson aliutatua mwaka 1955 kwa koili mbili zinazofuta mvumo wa kila moja.

SWALI: Nataka kubadili volyumu inayokwaruza. Niweke kiloomu 250 au 500?

JIBU: Kabla ya kununua, nyunyiza dawa ya kusafisha vifaa vya umeme kwenye tundu lake na uizungushe mara 30. Mara nyingi ni vumbi tu. Ukibadili, 250 ni kwa koili moja, 500 ni kwa koili mbili. Yenye namba ndogo humeza sauti za juu zaidi, na koili mbili hazina za kupoteza. Kwangua mgongo wa kifaa kwa msasa kabla ya kulehemu, pasha sekunde 4 au 5 tu. Lehemu nzuri hung'aa na kutandaa; iliyokaa kama punje ya mtama haijashika.

SWALI: Nikivuta uzi wa tatu kwa kidole, unarudi umeshuka.

JIBU: Sikiliza kwenye nati ya kichwa wakati unatyuni. Ukisikia "tik", uzi unakwama kwenye mfereji wake. Utoe mferejini, chora ndani kwa penseli laini ya 2B mpaka mfereji uwe mweusi, urudishe. Ukiendelea kukwama, mfereji ni mwembamba kuliko uzi: upanue kwa faili la upana wa uzi huo, ukiliinamisha kuelekea kwenye vigingi, na usiguse kina chake.